Kiti cha Mlinzi

Banda lilikuwa la farasi. Sasa lina taa nyeupe
na mimi, mlinzi, miaka thelathini ya kiwanda cha vifungo
ikiwa bado imejikunja vidoleni.
Boróka Hegyes alinikabidhi ufunguo na kiti.
Akakisogeza. Akachuchumaa, akatazama, akakisogeza tena,
kisha akachora chaki kuzunguka miguu yake minne:
"Kisitoke hapa."
Nikajisemea, wasanii!

Watu walikuja na tope la uwanda wa Karcag viatuni.
Walipenda miezi miwili ya shaba
(si ya kalenda, ya mbinguni),
mmoja sakafuni kati ya vijumba vya udongo,
mmoja peke yake darini.
"Wa chini ndio mkubwa," waliapa wote.
Jioni niliipima kwa mpini wa ufagio.
Sawasawa. Nikaipima tena, kwa hasira kidogo.

Walipenda kisima kilichosimama kichwa chini
juu ya kioo, kama tunavyokiona Julai,
joto likiikunja hewa,
ng'ombe wa kijivu wakikanyaga maji
ambayo hakuna aliyewahi kuyanywa.
Bálint, mchunga ng'ombe, alivua kofia, akacheka:
"Hiki kilinidanganya mimi na baba yangu.
Bado nakidai maji."

Lakini matete hawakuyapenda.
Vijiti mia mbili na kumi vya mwaloni, wima, basi.
Mtoto mmoja alivihesabu, akapiga miayo.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, hakuja mtu.
Nilikuwa namenya yai.
Mstari mmoja ukahamia kwa mwenzake,
kivuli kikapata shingo,
shingo ikapata mdomo ulioelekea juu,
na jicho la manjano likinitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyejificha.
Ndege. Siku zote hizo tumeketi ana kwa ana.

Niliinuka: matete. Niliketi: ndege.
Hatua moja kushoto, matete.
Macho hayana pazia, husemwa. Yangu yalikuwa nalo,
na aliyelifuma ni mimi.

Sikumwambia mtu. Mara moja nilimpa kiti
mama mwenye mkongojo. Akapumzika,
akashukuru, akaenda zake.

Boróka alirudi na lori.
Alifuta chaki kwa soli ya buti, bila kuniangalia.
"Kiti kilikuwa sawa?"
"Kilikuwa sawa."
Tukabeba tete la kwanza, yeye mbele, mimi nyuma,
polepole,
asije akaruka.