Neno Lisilo na Kwao

Trudge. Kamusi, iliyolitafutia kila neno mjomba,
hapa imekunja mikono:
asili haijulikani.

Enid Sugden hajali. Miaka thelathini na mmoja
anapandisha barua hadi Hagg Top,
theluji magotini, buti la kushoto likivuja.
Leo ana bili ya gesi
na kadi ya pongezi kwa marehemu.
"Umefikaje?" anaulizwa mlangoni.
"Trudged," anasema, na neno linatua
zito, kama buti likivuliwa.

Kwetu tungesema amejikokota:
ndani ya kitenzi wamo wawili,
mvutaji na mzigo,
na wote ni yeye.
Kiingereza kimemwacha peke yake
na tope.

Chai anaikataa.
Imebaki nyumba moja, juu kabisa.