Kufumua

Karatasi imeletwa Jumanne, imepigwa chapa Uzunguni,
mistari minne na nafasi ya saini.
Shemeji Hamdani kaja nayo kwa baiskeli,
kalamu kaichomeka sikioni.
"Weka jina hapa tu, Mama Mwanasha, tumalize kiungwana.
Ya ndani yasifike mahakamani."
Nikamkaribisha kahawa. Akanywa vikombe vitatu.
Kalamu ikarudi alikotoka nayo.

Mimi fundi cherehani, Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani.
Kushona nilifundishwa miezi sita.
Kufumua sikufundishwa na mtu,
nimejifunza kwa kuharibu.
Gauni la watu likikosewa, hulivuti kwa hasira:
unatafuta uzi mmoja, unaukata kwa ncha ya wembe,
unaruka mishono mitatu, unakata tena,
unageuza upande wa pili
mpaka uzi ujitokee wenyewe.
Ukivuta, kitambaa kinachanika,
na kitambaa bado kina kazi.

Karatasi inasema nyumba ni ya Mbwana.
Inasema nichukue "vyombo vyangu na cherehani".
Vyumba viwili vya uani havikutajwa,
kama vimeota baada ya mvua ya vuli.

Usiku nikateremsha kopo la maziwa juu ya kabati.
Risiti zimebanana humo kama dagaa:
mabati ishirini na nane, geji thelathini,
saruji mifuko kumi na mmoja, mchanga lori moja,
na daftari la upatu, jina langu zamu ya sita,
ile iliyonunua milango.
Nyingine wino umekimbia. Hizo nikaziweka kando;
sitaapia kisichosomeka.

Chumbageni, ofisi ya ustawi wa jamii,
Dada Eliwaza akasoma, akavua miwani.
"Umesaini?"
Sijasaini.
"Umemtukana?"
Nikatazama feni.
"Basi usiongeze. Na simu yake ya usiku usiipokee,
usiku watu hugawa wasivyonavyo."
Akapiga mstari katikati ya ukurasa:
huku mlichochuma pamoja, huku alichokuja nacho kila mtu.
Nikasema, shamba la machungwa la Muheza ni la baba yake,
lile silitaki, mwandikie yeye.
"Umelipalilia miaka mingapi?"
Tisa.
"Basi andika tisa."
Nikaandika. Mkono ukawa mzito kuliko jembe.

Majirani wananipa ushauri bila kuombwa.
Bi Mwanamvua: mkomeshe, beba mpaka vijiko!
Mama yangu: samehe, mwanangu, Mungu atalipa.
Mungu atalipa, mama, sina shaka,
ila ada ya Abushiri inadaiwa Januari
na mhasibu wa shule hapokei dua.
Vijiko nimemwachia sita. Kuna siku watoto watalala kwake,
nao watakula kwa nini?

Alhamisi Mbwana akaja mwenyewe, akakaa kiti cha wateja.
Miaka ishirini na miwili, hajawahi kukalia kile.
Nikamwambia: hii sisaini.
Nimeandika nyingine, kurasa tatu, risiti nimezibana nyuma.
Kaa nayo wiki nzima. Tafuta wako wa kukusomea,
asiwe Hamdani.
Pasipo haki paonyeshe, tutakaa tena.
Akauliza, "Shamba mbona limo?"
Nikasema, palizi ndiyo imo.
Akacheka kidogo, kicheko cha zamani,
kile kilichonitoa kwetu Mabawa.
Sikukijibu. Nacho kina bei yake,
wala hakimo kwenye orodha.

Aliposimama, kifungo cha pili cha shati lake
kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja,
uzi wangu, naujua, wa kahawia, nilikosa mweupe siku ile.
Mkono wangu ukaenda kwenye sindano kabla sijaukataza.
Nikaurudisha mapajani,
nikaukalisha hapo
mpaka kengele ya baiskeli yake ilipokata kona.