Debe

Kiharusi kilimpata Baba Jumanne, akipima kahawa,
na katika maneno yote aliyokuwa nayo,
ya kunadi, ya kutukana, ya kuapa kwa kaburi la babaye,
kikamwachia moja tu.
Debe.

Akitaka maji: debe.
Akibanwa na mkojo: debe, debe.
Daktari kijana wa Mbale alimwuliza jina lake,
naye akamkazia jicho lililobaki na hasira,
akajibu kwa heshima zote: debe.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga.
Tulicheka vibaya koridoni, leso mdomoni,
sisi watoto wa mama wawili
ambao hatukuwahi kucheka pamoja.

Mama yangu Namutosi aliteremka kutoka Budadiri na sigiri.
Mama Nabifo alikwishafika, na mkeka.
Miaka kumi na tisa hawajasalimiana,
tangu yule ng'ombe, tangu lile shamba la bondeni,
tangu usiku ule tulipoambiwa tulale na tusisikilize.
Kitanda kimoja; chini yake, nafasi ya mkeka mmoja.
Wakalala mzungu wa nne,
kichwa cha huyu miguuni pa yule,
na kulipokucha Mama Nabifo akauambia ukuta:
"Kuna mtu humu ana visigino vya barafu."
Kesho yake alileta soksi.

Usidhani tulipatana.
Kuloba alitoa elfu hamsini mbele ya wodi nzima,
akazihesabu mara mbili.
Wandeba akamwuliza za ng'ombe ziko wapi.
Muuguzi akawatoa nje, wakaendelea getini
hadi mvua ya Wanale ikaja kuwaamua.
Nafuna alituma pesa kutoka Juba
na ujumbe mrefu tuliousoma nusu.
Mimi nilipewa zamu ya usiku, kwa kuwa sina mume.

Saa nane. Mkono wake mzima unapapasa hewa.
Debe.
"Anaomba radhi," akasema Mama Nabifo gizani.
"Ana kiu," akasema mama yangu.
"Miaka yote hukumwelewa, utamwelewa leo?"
"Na wewe ulimwelewa lini? Siku aliponileta mimi?"
Kimya. Mgonjwa wa jirani akakohoa.
Kisha mmoja wao, sikujua nani, akaanza kucheka,
na mkeka wote ukatikisika.

Sikuwaambia.
Mimi ndiye niliyemshikia tochi stoo, nina miaka minane,
akigonga kitako cha debe kwa nyundo, kutokea ndani,
taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto,
mpaka likaota kitambi
na kumeza vikombe viwili zaidi vya kahawa ya watu.
"Hili ni letu wawili," alisema.
"Usimwambie mama yako. Wala yule."
Ada zangu za shule zilitoka kwenye kitambi kile.

Sasa jicho lake linanitafuta juu ya vichwa vyao.
Debe.
"Nimesikia, Baba. Lipo."
Sijui kama ndilo aliloulizia.
Alifumba jicho. Huenda alikuwa na kiu tu.

Asubuhi Kuloba alikuja na sufuria ya malewa,
chumvi imezidi, karanga hazikuiva.
Tulikula sote humo humo, tukilalamika,
tukasukutua midomo bombani,
tukaanza kubishana ni zamu ya nani kufua mashuka.