Jezi Isiyochafuka

Mimi si kocha. Mimi najua sabuni.
Mwaka wa kumi na moja huu nafua jezi za timu
uani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
na mchezaji namjua kwa uchafu wake.
Mbelwa, beki, huniletea nyasi begani na damu kidogo kolani.
Singano, kipa, huchafua kiwiko cha kushoto tu:
kulia haruki, na kocha mpaka leo hajui.

Hizza Shemdoe alikuja mwezi wa saba.
Pikipiki arobaini zilimpokea Pongwe,
honi mpaka wagonjwa wakaamka.
Mwenyekiti akapanda juu ya gari, akasema
nyota njema huonekana asubuhi.
Haya. Lakini asubuhi za Tanga nazo zina mawingu yake.
Magoli ishirini yakaahidiwa pale.
Si yeye aliyeahidi.
Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa,
begi la shule lililokatika zipu,
na tabasamu la mtoto anayeitwa mbele ya wageni
hajanawa mikono.

Wakampa namba tisa.
Jina nililibandika mwenyewe kwa pasi,
herufi saba, nikipuliza vidole.

Mechi ya kwanza jezi ilirudi imelowa chapachapa.
Alikosa goli tupu, hatua nne,
goli ambalo vinyozi wa Makorora bado wanalikosa upya
kila anayeketi kitini.
Mechi ya pili, nusu saa.
Baada ya hapo
jezi ikaanza kurudi na harufu ya kabati.
Mgongoni tu, mstari wa kutu:
bomba la benchi.

Kutu ni limau na chumvi, kisha jua, kisha tena.
Niliifua kila wiki kama wenzake,
nikaianika katikati ya wenzake,
asije mpita njia akahesabu.

Maneno yalikuwepo. Goti, walisema.
Karogwa, na aliyemroga yuko Korogwe.
Mshahara umemlevya, walisema,
mshahara gani? Miezi miwili hakuuona,
najua, maana na wangu ulikwama hapohapo.

Ikafika vuli. Jumatatu moja nafungua gunia,
namba tisa imechafuka!
Kifua, mikono, mpaka kwapani.
Nilipiga kigelegele peke yangu,
jirani akachungulia juu ya ukuta.
Kisha nikautazama ule udongo.
Mwekundu. Mkwakwani hakuna udongo mwekundu,
na wiki ile timu haikucheza.
Ule ni wa Majani Mapana, nyuma ya shule,
magoli ya matofali, mpira wa viraka.
Mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa golini.
“Katufunga manne, mama. Peku. Hashikiki.”

Sikumwambia mtu.
Niliiloweka usiku kucha
na wala uchafu haukuwa mgumu.

Dirisha dogo likamtoa.
Barua mistari mitatu, makubaliano ya pande mbili,
upande mmoja ukiwa umesimama mlangoni kwangu
na begi lilelile, sasa limefungwa kamba.
Aliuliza kama anaweza kuichukua jezi.
Nikamjibu ni mali ya timu.
Mali ya timu! Hata ndoo ni yangu.
Neno lile nimelifua mara nyingi, halitakati.

Leo wameleta mwingine, wa Kilindi, mrefu,
pikipiki hamsini.
Nakunja kitambaa kibichi, naweka pasi ya moto,
nabandua jina la zamani herufi moja moja.
E inatoka. O inatoka. D inatoka na uzi.
Chini yake kitambaa bado kina rangi ya dukani,
kali, jua halikuifikia,
SHEMDOE nzima inasomeka bila herufi.

Juu yake nabandika jina jipya.
Ni fupi. Halifuniki.