Pale Utepe Uliporuka

Asubuhi hii nilikuwa nakata maharage mabichi
kwa kisu kibutu nisicho na moyo wa kukitupa,
redio ya dirishani ikitaja bei ya unga na mvua ya kesho,
mara akaingia Nevzat Kumral, bila hodi,
na sauti yake ile ya mtu aliyetoka kulia
akanawa uso.

Nikaweka kisu chini.

Zonguldak, mwaka ule wa umeme kukatika kila jioni,
nyumba yetu ya mlimani ilikuwa na kaseti mbili tu.
Moja ya Mübeccel Ardıç, mali ya mama,
ilichezwa siku za kufua mapazia.
Nyingine hii ya Nevzat, ya kaka yangu Rasim,
aliyeinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa mgodini
kabla hajanunua viatu.
Baba akamtazama miguu, akaitazama kaseti,
akasema: haya, kavae hiyo.

Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ya risasi
ili betri zisituishie katikati ya kiitikio.
King'ora cha zamu kikilia, Rasim alimzima Nevzat,
mama akahesabu vishindo vya buti kwenye ngazi,
kimoja cha baba, kimoja cha jirani,
ndipo tukaruhusiwa kuendelea na mapenzi.

Mapenzi gani? Nilikuwa na miaka kumi na minne,
simpendi mtu, sipendwi na mtu,
lakini wimbo ule ulinitia hamu kali
ya mtu nisiyewahi kukutana naye.
Ikabidi nimtafutie sura.
Nikampa ya Şükrü, kijana wa tanuri la mikate,
mwenye unga kwenye kope.
Hakujua. Mpaka leo hajui. Ana wajukuu.

Kisha usiku mmoja mashine ikautafuna utepe.
Ulitolewa umekunjamana kama utumbo wa kuku,
ukakatwa kipande cha urefu wa kiganja,
ukaungwa kwa rangi yangu nyekundu ya kucha.
Tangu hapo Nevzat aliimba *nitakungoja mpaka*,
akaruka,
akatua kwenye *theluji ikayeyuka*.
Nasi tukaruka naye, nyumba nzima,
hata mama, mikono ndani ya povu.

Leo redioni hakuruka.
Akapita palepale kwa miguu, polepole,
na kumbe palikuwa na watu:
palikuwa na barua iliyorudishwa haijafunguliwa,
na treni, na mlango uliopakwa rangi na wenyeji wapya.
Theluji iliyeyuka, ndiyo,
iliyeyukia kizingiti cha wengine.

Miaka arobaini na mitatu
nimeuimba wimbo huu harusini.

Nikampigia Rasim, Gelsenkirchen.
Alikwenda huko kuchimba makaa yaleyale
chini ya udongo mwingine,
sasa kifua chake kinapiga mluzi
kabla yeye mwenyewe hajaitika.
Nikamwambia, Nevzat. Hakuuliza Nevzat yupi.
Akaanza kuimba, na pumzi yake ya mafungu mafungu,
*nitakungoja mpaka*,
nami nikaingia,
tukaruka,
wote wawili, bila kuhesabu,
tukatua mguu sawa.

Nikamsomea ule ubeti. Kimya.
Nikadhani simu imekatika.
Kisha akasema, sasa huyo Nevzat naye,
nani alimtuma kusema yote hayo?

Nikamwambia, lakini wewe uliukata vizuri.
Mimi? akasema. Mimi nilikuwa zamu ya usiku.
Nilirudi nikakuta umeshaungwa.
Makasi yalikuwa ya mama, rangi ilikuwa yako,
na mkono ulikuwa wako.

Nikabisha. Akabisha. Akakohoa, akacheka, akakohoa.

Mkono wangu?
Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha.
Una ukijani wa maharage
mpaka chini ya kucha.