Ondoa Moja

Onditi aliandika: safu, kipengele kimoja.
Mabano ya mraba, na ndani yake 1
imekaa kama soja aliyesinzia langoni,
naye akapitisha humo mia mbili na arubaini.

Enzi hizo kompaila ilikataa mabano matupu.
Ukitaka safu isiyojua ukubwa wake
ilibidi udanganye kidogo.
Pembeni aliacha maneno:
*Hii moja si moja. Samahani.*

Nayasoma saa nane usiku, Donholm,
stima imerudi, friji inakoroma,
na mita za maji za Kayole nzima
zinahesabu ndoo juu ya samahani hiyo.

Mama alikuwa karani wa wapima ardhi.
Angeitambua ploti hii mara moja:
kwenye ramani nyumba moja,
kwenye udongo ghorofa saba,
bikoni imemezwa na zege
na nguo za watu zinakaukia hewani kwa jirani.

Tofauti ni kwamba kumbukumbu haina ukuta.
Ukivuka mwisho wa safu hugongi kichwa popote.
Unajikuta tu chumbani kwa mtu,
unaandika jina lako kitandani mwake.
Machi, salio la Bi Kwamboka
liliandikwa juu ya la kinyozi wa chini.
Alilipa yeye, akaoga kinyozi.

Basi nafuta 1.
Mabano yabaki wazi, yakiri hayajui.
Juu yake natangaza idadi,
naifunga idadi kwa safu, fundo la kweli:
atakayevuka hapa, mashine na izime.
Afadhali mita iliyozima
kuliko mita inayoandika kwa jirani.

Kufuta ni rahisi.
Lakini Onditi alikuwa mwongo mwaminifu:
kila alipoomba nafasi
alikumbuka ile moja aliyoisingizia
akaipunguza. Ondoa moja. Ondoa moja.
Ukiung'oa uongo ukaiacha fidia yake,
ukweli ndio unaopunjwa.

Nimezing'oa arubaini.
Jaribio bado linaanguka, baiti chache tu,
kama mtu anayekosa ngazi ya mwisho gizani.

Asubuhi nikampigia. Yuko Kahawa Sukari, anafuga sungura.
Kimya kirefu, kisha: "Ile ya printa.
Sikuandika ondoa moja pale.
Nilianza tu kuhesabu nyuma ya mlango."
Ilikuwepo. Ya arubaini na moja.

Kabla hajakata akauliza, kama anayeulizia
sufuria aliyoisahau nyumba ya kupanga,
iwapo lile neno lake bado lipo.

Nilikuwa nimelifuta usiku uleule.
Nikasema, lipo mzee.
Kisha nikafungua faili, nikalirudisha,
nisije nikaanza uongo wangu mwenyewe.

Sasa limekaa kando ya mabano matupu
likiomba radhi,
na hakuna anayedai.