Meza ya Vitabu, Kengeleni

Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya ibada ya pili,
natandika shuka la bluu juu ya meza ya kamati
na kupanga vitabu, migongo juu.
Joto la Desemba limelegeza gundi.
Kila jalada lina jasho;
ukikishika kimoja, nacho kinakushika.

Mwadime wa kwaya amekuja na pochi wazi:
"Mama Wakesho, nichagulie cha zawadi, cha bei ya kati."
Nampa kinachoeleza Utatu.
"Utatu? Basi niuzie vitatu kwa bei ya kimoja."
Namwambia hilo hasa ndilo mwandishi amelipigania
kurasa mia tatu na kumi, na hakupata punguzo.
Amecheka, amenunua.
Ni cha baba mkwe wake, mzee wa Wundanyi
asiyekubali jambo kabla ya kulibishia mara mbili.

Nawe unayeniuliza umpe nani nini, sikia:
kijana wa chuo usimpe kitabu kinene
ili umzibe mdomo.
Mpe kinachouliza vizuri kuliko yeye.
Shemasi ajuaye yote, mpe kile cha neema;
kina kurasa themanini tu, lakini kinauma.
Bibi arusi wa Novemba usimpe cha ndoa,
ameshapewa vinne, na sufuria saba.
Mpe cha uumbaji, kile chenye sura ndefu kuhusu giza
kabla haijasemwa "iwe nuru",
akisome mumewe akiwa zamu ya usiku bandarini.

Karatasi za kufungia nazifuata Marikiti, kwa Shekuwe,
anayepima kwa mkono, kiwiko hadi kidole,
na kukata bila mkasi.
"Theluji," anasema, akikunjua.
"Mita kumi za theluji, na mimi fulana imelowa."
Ananiuliza ndani mna nini.
Namwambia: habari za Mungu kulazwa horini.
Ananyamaza kidogo.
"Hayo ni yenu," anasema,
"lakini kona zikunje hivi, zisichanike."
Tangu hapo kona zangu hazichaniki.

Nilikuwa najisifu, sikatai.
Vitabu ishirini na tisa kwa Jumapili moja!
Ndipo Bi Mghoi akasimama mbele ya meza,
mkoba kifuani, hanunui, hapekui:
"Neno lilifanyika mwili.
Wewe wamrudisha karatasini?
Dama Chengo unamjua. Ana unga?"

Sikuwa na jibu la kuuza.

Dama alizika mtoto mwezi wa nane.
Hukaanga mahamri nyuma ya kituo cha Mishomoroni,
haji kanisani, na hakuna aliyemuuliza.
Nilikwenda jioni ile na kilo nne za unga,
mafuta, sukari.
Na juu ya unga, kwa sababu mimi ni mimi,
kitabu kile cha kilio.
Sikukifunga. Theluji ingekuwa matusi.
Alipokea unga kwa mikono miwili.
Kitabu alikitazama kama mtu anavyotazama
mgeni aliyekuja na mgeni.

Wiki ya pili ya Januari amekirudisha.
Alidhani ni cha kuazima.
Kina harufu ya iliki, na ukurasa wa arobaini na moja
una alama ya dole gumba, nyeupe, kamili,
hata mistari ya ngozi inahesabika.
Pembeni, kwa penseli ya nyusi:
Hapa mbona amenyamaza?

Nimeusoma ukurasa huo mara tano.
Kweli amenyamaza. Anaanza aya kuhusu mtoto,
kisha anahamia zaburi, kama mtu
aliyesikia mlango ukibishwa akaongeza redio.
Nimekiuza kitabu hiki miaka sita
na sikuwahi kuliona hilo.

Nilitafuta kifutio. Nikakirudisha kwenye kopo.
Nimechonga penseli,
nimeandika chini ya maneno yake, kwa herufi ndogo:
Hata mimi sijui.
Kesho nakirudisha Mishomoroni, alfajiri,
kabla mafuta hayajapata moto.